Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Kanga hakutokea.

Msomaji, unakumbuka tulivyoachana. Mama Pacha kasimama mbele ya skrini kubwa ya kiwanda cha nguo za watoto, kachomeka flashi, kabonyeza kitufe, na chumba kizima kinangoja kumwona ndege kanga na vifaranga wake, ruwaza aliyoichora kwa miezi ili idariziwe vifuani mwa magauni. Skrini ikawaka.

Akatokea Chiriku.

Chiriku, binti yake wa miaka mitano, keki imemjaa mdomoni, anaimba kwa sauti ya juu kabisa. Nyuma yake yuko pacha mwenzake, Mpole, kavaa sufuria kichwani na anapiga makofi.

"Huyu ndiye kanga?" akauliza Bwana Tai.

Watu wakacheka. Bwana Tai alikuwa mchora ruwaza mwenzake, naye kaitwa siku hiyo hiyo kuigombea nafasi hiyo hiyo, na jina hilo alipewa kwa sababu ya tai yake nyekundu ambayo, walisema, hata kuoga huoga nayo.

Mama Pacha aliichomoa flashi kama anayechomoa mwiba. Akaigeuza. Ya bluu. Na ile yenye kanga nayo ya bluu! Kumbe mapema jana, katika haraka za kuwahi basi, alibeba ya sherehe ya watoto, ya kazi akaiacha mezani.

"Naomba radhi," alisema. "Faili yenyewe iko nyumbani. Kwenye kompyuta."

"Nyumbani ni wapi?" akauliza Mkurugenzi. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa mnyororo, na alikuwa na tabia ya kuivua kila alipotaka kukutazama vizuri.

"Ni nusu siku kwa basi."

Bwana Tai alikohoa. Kile kikohozi cha mtu asiye na mafua.

Mkurugenzi akavua miwani.

"Binti, sikiliza. Tunamtaka mtu mmoja. Atakaa kwake, atachora, atatutumia ruwaza kila mashine zikihitaji. Kazi ya kudumu. Sasa kengele ya chai inalia. Watu wangu wakirudi kutoka chai, mashine ya kudarizi inarudi kazini. Mwenye faili ndani ya mashine kwa wakati huo, nitaiona kazi yake. Asiyekuwa nayo, nitamtakia safari njema."

Kengele ikalia kweli, krrrrrr, kama iliyokuwa ikisikiliza.

*

Kukaa kwake na kuchora! Mama Pacha alikuwa ameisoma sentensi hiyo kwenye tangazo mpaka akaikariri. Miaka miwili alisoma masomo ya jioni, Chiriku mgongoni, Mpole mapajani, mwalimu akifundisha kompyuta huku akipokezana naye mtoto. Mchana alishona vifungo kwenye duka la watu, na wanawe wakajifunza kutembea yeye hayupo. Hatua ya kwanza ya Mpole alisimuliwa. Ya Chiriku nayo alisimuliwa. Basi hii ilikuwa kazi ya kufa na kupona.

Akatoka mbio hadi kwenye ujia, katikati ya marobota ya vitambaa, akapiga simu nyumbani.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

Alikuwa Bibi, yaani mama mkwe wake, aliyebaki na watoto. Baba Pacha ni dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa huko barabarani, mahali ambapo mtandao haujapajua.

"Ni mimi, Mama. Mko salama?"

"Salama tu. Umeshapata kazi?"

"Bado, Mama. Naomba unisikilize..."

"Umekula?"

"Mama! Kile chumba cha kompyuta..."

"Kimefungwa. Si umekifunga mwenyewe? Tangu wanao wamwage maziwa kwenye lile bao la vitufe."

"Ufunguo uko wapi?"

Bibi akacheka mpaka akapaliwa.

"Mwanangu, unaniuliza mimi? Jana uliutia kwenye pochi, macho yangu haya yanaona, ukasema, 'Sasa hapa hata jini haingii.'"

Mama Pacha alitia mkono kwenye pochi. Chini ya leso, chini ya kitana, ulikuwepo. Ufunguo, na kiuzi chake chekundu.

"Nivunje mlango?" Bibi akauliza, tena kwa hamu. "Shoka lipo."

"Usivunje, Mama!"

"Dirisha je?"

"Dirisha lina nondo."

"Basi tumebaki na dua."

"Hapana," Mama Pacha akasema, na ghafla akanyooka mgongo. "Tumebaki na Fundi Waya!"

*

Fundi Waya ni nani? Ni yule jirani mwenye mifuko kumi ya suruali, na kila mfuko una waya. Wiki mbili kabla ya safari alikuja akaifungua kompyuta ya Mama Pacha, akaifunga, akamwambia: "Shemeji, kuanzia leo usiizime. Ilaze tu."

"Kuna tofauti gani?"

"Iliyolala huwa imeacha sikio moja wazi. Popote utakapokuwa duniani, ukibonyeza hapa kwenye simu, ujumbe unapita kwenye intaneti, unafika kwenye ruta yenu ya sebuleni, na ruta inapiga ukelele nyumba nzima. Inaita jina la kompyuta mara kumi na sita bila kupumzika. Kompyuta ikisikia jina lake, inaamka, nawe unaiendesha kwa simu hiyo hiyo. Ikiwa si jina lake, inageukia ukutani na kuendelea kulala."

"Kompyuta ina jina?"

"La kuzaliwa kabisa. La tarakimu na herufi."

Mama Pacha alilielewa jambo hilo haraka kuliko Fundi alivyotarajia. Kuita jina mara kumi na sita ili mtu aamke, hiyo ndiyo asubuhi yake ya kila siku ya shule.

Fundi alijaribu kwa simu yake mwenyewe, kompyuta ikaamka kama askari. Siku mbili baadaye akampigia Mama Pacha na kumsomea lile jina, naye akaliingiza kwenye simu yake. Kulijaribu hakulijaribu. Safari ilikuwa imekaribia, watoto wana homa, na nani angefikiri?

Leo ndiyo leo. Akafungua programu. Kulikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kijani, kimeandikwa AMSHA.

"Mama, wapeleke watoto dirishani kwa nje. Wachungulie kwenye ile meza."

Zikasikika ndala, kuku wakitawanyika, kiti kikiburutwa.

"Tuko!" ikaja sauti ya Chiriku. "Mama, umetununulia nini?"

"Nitakwambia. Chiriku, ile taa ya kompyuta inafanyaje?"

"Inapumua."

"Inawaka polepole," Mpole akafafanua, "halafu inazima polepole. Imelala, mama. Tusiongee kwa sauti."

Akabonyeza AMSHA.

"Na sasa?"

"Inapumua."

Akabonyeza tena, kwa kidole gumba, kwa nguvu, kana kwamba nguvu ya kidole ingefika.

"Na sasa?"

"Sasa inakoroma," akasema Chiriku.

*

Hali ikawa mbaya.

"Mama, kile kidude cha sebuleni chenye vijitaa, umekizima?"

"Sijakigusa. Nimekifunika kitambaa."

"Kwa nini?"

"Kinanikonyeza tangu asubuhi. Mtu mzima kama mimi!"

"Hebu funua kidogo. Taa zinawaka?"

Ndala zikasikika zikienda sebuleni.

"Zinawaka. Kimenikonyeza tena."

Basi ruta nzima. Umeme upo. Intaneti ipo. Kompyuta imelala na sikio wazi, anaiita, haisikii. Kwa nini?

"Dada, unaongea na nani?" Bwana Tai alikuwa anapita, kikombe cha chai mkononi, faili yake ameshaitia kwenye flashi inayoning'inia shingoni chini ya tai.

"Naiamsha kompyuta yangu."

"Iko wapi?"

"Nyumbani."

Bwana Tai alisimama. Akapuliza chai yake.

"Mtu kasafiri nusu siku, anapiga simu nyumbani kuamsha kompyuta! Haya. Ikiamka, iambie isisahau kunawa uso."

Akaenda zake, akicheka peke yake. Mama Pacha alikuwa ameshaanza kumtafuta Fundi Waya kwa simu.

Simu ya Fundi iliita, ikaita, mwishoni ikapokelewa na upepo. Upepo mtupu, na ndani yake mtu anahema.

"Fundi! Uko wapi?"

"Juu ya paa la mtu, shemeji! Mkono mmoja umeshika antena, mwingine umeshika maisha yangu!"

"Na simu umeishika na nini?"

"Na bega! Sema haraka!"

"Kompyuta haiamki!"

"Haiwezekani!"

"Haiamki, Fundi! Iamshe wewe kwa simu yako!"

"Simu gani? Ile si ilitumbukia kwenye tangi la maji juzi? Niliweka pembeni, nikageuka, nikasikia chubwi! Hii ni simu ya tochi, haiamshi hata mbu!"

"Hukuizamia?"

"Tangi la watu la maji ya kunywa, niogelee humo? Shemeji, umehakikisha jina? Kosa la herufi moja tu, haikuitikii!"

Mama Pacha akalifungua jina kwenye simu yake, akaanza kulisoma. Fundi, ambaye majina ya kompyuta za mtaa mzima anayo kichwani, akawa anaitika juu ya paa: sawa, sawa, sawa. Wakafika mwishoni.

"Saba tano," akasema Mama Pacha.

"Saba tano. Endelea."

"Tatu, e."

"Tatu, ei!" upepo ukavuma.

"E?"

"Ei!"

"Ndiyo hiyo niliyoandika. E."

"Ei! Hiyo hiyo! Basi jina liko sawa, shemeji. Tatizo liko kwi... oooh! Ngazi! Shikeni ngazi!"

Simu ikakatika.

*

Usiogope, msomaji, Fundi hakuanguka. Ngazi ndiyo iliyoanguka, akabaki juu kama jogoo, na habari zake tutazipata. Sasa tumtazame Mama Pacha.

Kasimama katikati ya marobota. Jina ni sahihi, Fundi kathibitisha. Umeme upo. Basi labda ndiyo bahati yenyewe. Kupitia mlango wa kioo anamwona Bwana Tai ameshafika kwenye mashine ya kudarizi, anaizunguka, anaipapasa kama anayenunua ng'ombe. Vikombe vinaanza kurudishwa kwenye sinia.

Simu ya nyumbani bado ilikuwa hewani. Kule Bibi hakuwa amekata. Huwa hakati, hakijui kitufe. Mama Pacha akaiweka sikioni, awaambie tu waingie ndani, jua kali.

Akakuta ugomvi.

"Sio hivyo, Bibi!" Chiriku alikuwa analia kwa hasira.

"Kuna nini huko?" akauliza Mama Pacha, kwa sauti iliyochoka.

"Mtoto huyu," Bibi akasema. "Kachora herufi kwenye vumbi la kioo cha dirisha. Kachora vizuri, miguu miwili na mkanda katikati. Mimi nikamsifu, nikasema, vizuri mjukuu wangu, hiyo ni a. Anakataa!"

"Siyo a! Ni ei!"

"Ei ni kitu gani? Mtu anaitwa akiwa mbali ndiyo anaambiwa, 'Eei!' Herufi ni a. A, be, che, de. Ndivyo tulivyosoma, na mama yako ndivyo alivyosoma."

"Mwalimu anasema ei, bii, sii!"

"Mimi nasema zote mbili," akasema Mpole. "Shuleni ni ei, nyumbani ni a. Ni huyo huyo, ana majina mawili."

Mama Pacha akaibana simu sikioni.

"Mpole," akasema taratibu, "rudia, mwanangu. Shuleni ni nani?"

"Ei."

"Na nyumbani?"

"A."

Lahaula! Marobota yakamzunguka. Fundi Waya, ambaye amejifunza waya zake zote kwenye vitabu vya Kiingereza, tarakimu anazitaja kwa Kiswahili na herufi anazitaja kwa Kiingereza, kama wafanyavyo mafundi wote. Tatu, ei. Na yeye, mtoto wa a-be-che, ingawa Kiingereza anakijua, masikio yakiharakishwa hurudi nyumbani. Alisikia *ei*, akaandika *E*. Na walipohakikishana, kila mmoja akamsikia mwenziwe akisema alichotaka yeye!

Muda wote huu alikuwa anamwita Mpole kwa jina la Chiriku. Mpole angeamkaje?

"Mama!" akapiga kelele, mpaka mfagiaji wa ujia akaangusha ufagio. "Umesema kweli! Na Chiriku amesema kweli! Wote mmesema kweli!"

"Mimi nilijua," akasema Bibi. "Jambo gani?"

Akafuta E. Akaandika A. Akahifadhi. AMSHA.

"Angalieni taa!"

Ndani ya kiwanda, Mkurugenzi anatazama mlangoni. Bwana Tai anavua flashi shingoni, na flashi imenaswa kwenye tai.

"Chiriku?"

"Inapumua..."

"Mpole?"

"Inapu... Mama! Imekodoa!"

"Imekodoa macho!" Chiriku akapasua anga. "Mama, imeamka! Mama, tumetokea! Mimi na Mpole tuko kwenye kioo, tunacheka!"

Ndiyo. Picha ya kwanza ya kompyuta hiyo ikiamka ni wao wawili, meno mawili ya mbele hayapo.

"Toba," Bibi akanong'ona. "Na mlango umefungwa."

*

Kengele ikalia.

Mama Pacha alipita kwenye mlango wa kioo huku bado anaandika nenosiri. Kwenye simu yake ikatokea meza ya kompyuta yake, ndogo kama kiganja, kila kitu mahali pake. Akagusa folda. Akagusa faili. Akaituma kwenye anwani ya mashine, iliyobandikwa ubavuni mwake.

"Kengele imelia," akasema Bwana Tai, bado anapambana na tai.

"Imelia," akakubali Mkurugenzi. "Nani ana faili ndani ya mashine?"

Mashine ya kudarizi ikatoa mlio mfupi, kama mtu aliyesafisha koo. Kwenye kioo chake kidogo kikaandikwa: *Ruwaza mpya imepokelewa.*

Watu wakamtazama Bwana Tai. Bwana Tai akaitazama flashi yake, iliyokuwa bado imefungana na tai kifuani.

"Si yangu hiyo," akasema.

Mkurugenzi akabonyeza. Sindano zikashuka. Tatata-tatata-tatata! Uzi wa kijivu, ukafuata mweupe, madoa moja moja, kisha bluu ya shingo. Wafanyakazi waliokuwa wanarudi kwenye viti vyao wakasimama njiani. Kwenye kitambaa cha manjano akazaliwa kanga, duara, mwenye maringo, na nyuma yake vifaranga wanne kwenye mstari. Wa tano yuko nje ya mstari. Anamfuata kipepeo. Na kanga, akiwa katikati ya hatua, kageuza shingo.

Mashine ikanyamaza. Mkurugenzi akavua miwani.

"Kwa nini mama mtu kageuka?"

"Mmoja amekosekana kwenye mstari," akasema Mama Pacha.

"Wanne wapo. Angeweza kuendelea."

"Hapana, Mkurugenzi. Asingeweza."

Mkurugenzi akapitisha kidole juu ya ile shingo ya bluu. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mama wa nyumbani kabisa.

"Niambie ukweli. Faili hii ilikuwa nyumbani kwako?"

"Ndiyo."

"Nani aliyekufungulia kompyuta?"

"Hakuna. Mlango umefungwa na ufunguo huu hapa. Niliiamsha kwa simu." Kisha akaongeza, maana hakuweza kujizuia: "Nilisaidiwa na mama mkwe na watoto wawili."

"Mashine zangu huharibikiwa na ruwaza siku nisiyoitarajia," akasema Mkurugenzi. "Nilitaka mtu ambaye nikiita, kitu kinafika, awe kwake, awe njiani. Jumatatu nitakutumia mkataba. Utafanyia kazi kwako. Na yule kifaranga wa tano asitolewe, mtu asiniguse yule."

Mama Pacha alitaka kusema asante. Akajikuta ameushika mkono wa Mkurugenzi kwa mikono yote miwili.

Bwana Tai akampa mkono. "Dada, umenishinda kihalali. Ila nifundishe hiyo ya kuamsha. Mimi nina kijana nyumbani."

Watu wakacheka, safari hii Mama Pacha akicheka nao.

*

Alikaa kwenye benchi nje ya lango, chini ya kibaraza cha mabati, akawapigia.

"Nimepata, Mama."

Vigelegele vya Bibi vilitoka kwenye simu vikamfanya mlinzi ageuke. Chiriku akauliza tena amenunuliwa nini. Mpole akauliza kama sasa mama atakuwa anakaa nyumbani kila siku, mpaka jioni, hata siku za Jumanne. Mama Pacha akajibu ndiyo, hata Jumanne, na akalazimika kuitafuta leso iliyo juu ya ufunguo.

Halafu, kwa mikono yake mwenyewe, akiwa pale benchini, akailaza kompyuta. Mpole akathibitisha dirishani: imefumba, inapumua. "Lala salama," akasikika akiiambia.

Basi la kurudi likawa linaingia kituoni. Mama Pacha ananunua machungwa mawili, moja kwa kila pacha, simu inaita.

Bibi. Sauti yake si ile ya vigelegele.

"Mwanangu, umesahau nini huku?"

"Sijasahau kitu, Mama. Kwa nini?"

"Mashine yako imeamka tena."

"Sijaigusa, Mama. Simu ilikuwa kwenye pochi."

"Basi kuna mwingine anayeigusa. Kale kamshale kanatembea kenyewe. Na kuna maandishi yanajiandika, makubwa kama ya ubaoni. Miwani yangu iko ndani, mimi siyasomi."

Machungwa yakamdondoka. Kuna mtu mwingine anayelijua jina.

"Mpe simu Chiriku. Chiriku, mama! Nisomee herufi. Moja moja."

Chiriku akavuta kamasi, akasoma kama anavyofundishwa.

"Es."

Mama Pacha akaandika kwa kidole kwenye kiganja, na safari hii masikio yake yalibaki shuleni.

"Ei. Em. Ei tena. Halafu ile ngazi... eich. Ei. En. Ai."

"Endelea."

"Basi. Imeacha. Sasa imelala tena, mama."

Kondakta anamwita apande. Mama Pacha hasikii. Anatazama kiganja chake, ambako hakuna wino, na bado neno zima analiona.

*S-A-M-A-H-A-N-I.*

Simu mbili tu duniani zilipewa jina la kompyuta ile na nenosiri lake. Moja ni hii aliyoishika. Nyingine, ya Fundi Waya, imezama ndani ya tangi la maji la watu tangu juzi.

Tangu lini simu iliyozama ikaomba msamaha?